Isale Juu ya Kiatu

Dokta Grace aliponipigia simu kunieleza kwamba Anaeli amefariki, nilikuwa nachambua maharage ya makande pale kibandani kwangu Ngaramtoni, na niliendelea kuchambua. "Penda, umenisikia?" Nikamwambia nimesikia. "Basi sema kitu." Nikasema pole. Na kabla sijamhurumia marehemu nilijiuliza kwa nini Grace ndiye anayenipigia, na kuna nini nyuma yake. Hivyo ndivyo nilivyo siku hizi. Mtu akinisalimia vizuri, naitafuta sababu ya salamu. Nikialikwa chakula, nasubiri nione mpakuaji anaanza kula upande gani wa sinia. Sikuzaliwa hivi. Nilifanywa hivi ndani ya mwaka mmoja, kwenye nyumba moja ya Njiro, na watu waliosoma sana, na nitawataja kwa majina yao kwa sababu wao langu walilitaja mpaka likazunguka mji mzima. Habari za kwetu na za kuzaliwa kwangu naziacha, hazina la ajabu. Niliishia darasa la saba. Hilo tu ndilo mtu anapaswa kulijua ili aelewe mengine.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya kupanga, na hospitali ndiyo iliyowapangia madaktari wake watatu vijana: Anaeli, Fidelis na Grace. Ilikuwa na geti jeusi na ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu, na sebule yenye makochi ya kahawia ambayo hata ukiyafuta vumbi asubuhi, jioni yanakuchafua. Mimi nilikuwa dada wa kazi. Nilipika, nilifua, nilipiga pasi yale makoti meupe, na chumba changu kilikuwa nyuma, ukuta mmoja na jiko. Miezi ya mwanzo niliipenda ile nyumba kuliko nyumba yoyote niliyowahi kuishi. Walikula meza moja, sufuria moja, wakichekana. Anaeli alikuwa Mmeru mwenzangu, mtu wa mlimani, na Jumapili alitaka nimpikie loshoro, yale mahindi na maziwa mgando. Fidelis, aliyekulia Dar es Salaam, alikuwa akiinua kijiko anakitazama kama anatafuta mdudu. "Dada Penda, hebu niambie ukweli, hiki kitu kimepikwa au kimesahaulika?" Anaeli anamjibu, "Kula wewe, mtu wa joto, upate damu." Grace anacheka mpaka anashika ubavu. Nilisimama mlangoni na kitambaa mkononi nikidhani hawa ni ndugu.

Halafu likaja lile tangazo. Hospitali ilisema mwaka ule itamruhusu daktari mmoja tu kwenda kusomea ubingwa. Grace ndiye aliyenieleza, amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa jikoni. Chuo unaweza kuomba mwenyewe, alisema, na wote watatu wameshaomba, lakini bila Mganga Mfawidhi kukuachia kazini na kuandika kwamba anakufahamu na anakutaka urudi, ombi lako ni karatasi ya kufungia vitumbua. Mganga Mfawidhi, mkuu wa pale, alikuwa Dokta Simeoni. Angewafanyia usaili yeye na wageni wawili, halafu anachagua. "Na nikwambie kitu, Penda," Grace alisema akitazama mlango, "nafasi hiyo ina mwenyewe. Sisi wengine tunasindikiza." Nikamwuliza mwenyewe ni nani. "Wewe ndiye unayefungua geti. Wewe ndiye unayejua nani anatoka na nini kwenda wapi. Usije ukaniambia hujui."

Sikujua. Lakini swali lile likakaa ndani yangu kama mchanga kwenye mchele. Kutoka siku hiyo nyumba iligeuka. Waliacha kula meza moja. Kila mmoja akawa na rafu yake kwenye friji na vyombo vyake vya plastiki, vimebandikwa plasta ya hospitali yenye jina, ile nyeupe ya kufungia vidonda. Vitabu walivifunika magazeti ili mwenzake asione anasoma nini. Grace alikuwa akitaka kuongea na simu anaingia bafuni anafungulia bomba, maji ya watu yanamwagika bure. Fidelis ndiye aliyenistua zaidi. Aliacha kula nilichopika, akawa anachemsha mayai mwenyewe, asubuhi mayai, jioni mayai. Nikamwuliza, "Dokta, nimekukosea kwenye chumvi?" Akacheka, lakini macho hayakucheka. "Hapana, dada. Yai halina mlango." Nilikwenda na neno hilo mpaka chumbani kwangu kabla sijalielewa. Mtu aliyesomea mwili wa binadamu mpaka mshipa wa mwisho alikuwa anaogopa kutiliwa kitu kwenye mchicha.

Na wote watatu walinifanya mimi dirisha la kuchungulia. Fidelis anakuja na shati la kupigwa pasi, anauliza kama anazungumza habari za mvua, "Hivi Anaeli jana alirudi na zile damu za mgonjwa kwenye koti, au alitoka mapema?" Grace anauliza taa ya nani ilikuwa bado inawaka. Anaeli haulizi, yeye anakuja jikoni, anakula kiporo akiwa amesimama, na anaongea nami kwa lugha ya kwetu, jambo ambalo mbele ya wenzake hakulifanya. Ilikuwa katika kusimama huko ndipo aliponipa ahadi. "Mdogo wangu," alisema, "wewe huwezi kuzeekea kwenye sufuria za watu. Hospitali inachukua wahudumu wa wodi wa darasa la saba, inawafundisha hapo hapo. Nikipata ruhusa hii, kabla sijaondoka nakupeleka mwenyewe kwa Matroni. Neno la mtu anayekwenda kuwa bingwa linasikika." Nikamwuliza, "Na usipopata?" Akaweka sahani chini. "Nisipopata, neno langu litakuwa la nani?" Kwa hiyo ombi lake likawa ombi langu. Alipoitwa na Mfawidhi akarudi amenuna, mimi sikulala. Alipopiga mluzi akivua viatu, mimi niliimba nikiosha vyombo. Nilijiona tayari na gauni la rangi ya samawati, nasukuma kitanda cha mgonjwa chenye magurudumu, na watu wananiita nesi kwa makosa nami siwasahihishi.

Kila Jumamosi Anaeli alikwenda kwao mlimani, na akirudi alinituma nyumbani kwa Dokta Simeoni na kibuyu cha maziwa mgando na mkungu wa ndizi. "Ni mzee wetu wa usharika," alisema, "ni adabu tu." Leo kichwa changu kinajua kuita kitu kile kwa jina lake. Wakati ule niliona adabu. Nilikwenda, nikapiga hodi, nikamwamkia shikamoo, naye Dokta Simeoni alipokea mkungu mwenyewe, akaupima uzito kwa mkono. Nikumbukacho zaidi pale kwake ni ua wake. Kuanzia getini mpaka mlango wa jikoni alikuwa amepanda masale, yale majani marefu ya kwetu, yamesimama kama askari. Naomba jambo hilo likumbukwe. Mwenye nyumba ile alizungukwa na masale, na kila siku aliyapita akienda kazini.

Sasa kwa asiyejua, isale si jani la kupamba. Kwetu sisi wa milimani, mtu akikukosea kosa kubwa, kosa lisilofutwa kwa maneno, analikata jani la isale, analifunga fundo, anampa mtu wa katikati alilete kwako. Halileti mwenyewe, kwa sababu uso wake umejaa aibu. Ukilipokea mkononi, yameisha, na hupaswi kulikataa hata kama amekuulia mtu. Lakini lina masharti mawili. Lazima liingie mkononi, na lazima wewe unayepokea ujue umekosewa nini. Likikosa hayo ni jani tu, mbuzi anaweza kula.

Siku chache kabla ya usaili, Fidelis alirudi kutoka kazini mchana, saa ambayo hakuwa akirudi, akasimama sebuleni na funguo mkononi. Anaeli na Grace walikuwa wamekaa, kila mmoja na kitabu chake kilichofunikwa gazeti. Mimi nilikuwa napangusa meza. Fidelis alisema Mfawidhi amemwita. Kuna mama mmoja aliyefanyiwa upasuaji, hali yake ikabadilika wakati wa zamu yake, na mtu fulani amepeleka maneno kwamba Fidelis alikuwa amelala.

"Sikulala," alisema. "Nilikuwa na mama yuleyule, nimemshikia dripu kwa mkono wangu. Mmoja wenu hapa amekwenda kusema nimelala."

"Usitulishe maneno," Anaeli alisema, hakuinua macho.

"Nakulisha? Mimi chakula chenu sili, nitakulisha nini?"

"Fidelis, kaa chini kwanza," Grace alisema.

"Wewe ndiye unayeongea na simu bafuni, Grace. Huko bafuni unaogeshana na nani?"

Grace alisimama, akamwita mshamba wa mjini, akaingia chumbani na kubamiza mlango mpaka picha ya ukutani ikalala upande. Nami rohoni nilisema, ni huyu. Ni Grace. Maji yale yote yaliyomwagika bafuni, ni hili lilikuwa linapikwa. Nilimchukia kwa siku zile zote, na nikimpelekea chai nilimpelekea ya chini ya birika. Anaeli yeye alibaki amekaa. Nakumbuka kwamba hakugeuza ukurasa.

Jumapili, kesho yake ndiyo siku ya usaili, Anaeli alirudi kutoka mlimani mapema, jua bado liko juu. Hakuleta maziwa. Alikuja jikoni na kitu kimefungwa gazeti, akakifungua taratibu juu ya meza ya kukatia mboga. Isale, bichi, lina fundo. Nilishika kifua. Kijana wa koti jeupe, na isale!

"Mpe Fidelis," alisema kwa lugha ya kwetu. "Mkononi. Mwambie Anaeli anasema yaishe."

"Yaishe yapi?"

"Yale ya juzi. Tulijibizana vibaya. Mtu hasafiri njia kubwa na neno la mwenzake nyuma yake."

"Si umpe mwenyewe?"

"Wewe mtoto wa wapi? Haliletwi na mwenyewe."

Ni kweli, haliletwi. Nikaona fahari, naam, fahari, kwamba mtu huyu msomi hajasahau kwao, na mimi ndiye mtu wa katikati. Sikujiuliza kwa nini kujibizana kidogo sebuleni kuhitaji isale. Kwa kujibizana mtu anasema samahani, ananunua soda. Isale ni la kosa lenye mizizi. Nilipaswa kulitazama lile fundo nikajua, lakini mimi nilikuwa natazama gauni la samawati.

Nilikwenda kugonga kwa Fidelis. "Sipo, dada," alisema kutoka ndani. Nikamwambia nina kitu cha kumpa. "Weka huko huko. Leo sifungui kwa mtu yeyote, hata kwa malaika." Nikagonga tena jioni, akaongeza sauti ya redio. Viatu vyake alikuwa amevipaka rangi tangu mchana, viko nje ya mlango, vinang'aa, vinasubiri asubuhi. Niliogopa kulala nalo. Niliogopa atatoka kabla sijaamka na lile jani libaki kwangu, na Anaeli aende kwenye usaili na neno la mwenzake nyuma yake, na ombi lake lianguke, na langu lianguke nalo. Kwa hiyo nikaliweka juu ya kiatu cha kulia, taratibu, fundo likitazama mlango, nikasema moyoni ataliona, nitakuwepo, nitamweleza.

Asubuhi nilikuwa nachochea moto wa chai niliposikia sauti, si ya mtu mzima, sauti kama ya mtoto aliyekanyaga siafu. Nikakimbia koridoni. Fidelis amesimama na soksi, tai shingoni, ameegemea ukuta, na kidole chake kinaonyesha kiatu. "Nani? Nani ameniwekea hii? Leo? Leo ndiyo mmechagua?" Grace ametoka na kanga. Na Anaeli amesimama mlango wa bafuni, mswaki mdomoni.

"Ni mimi, dokta," nikasema, "usiogope, ni isale, ni la heri, nimetumwa." Nikamtazama Anaeli. Fidelis naye akamtazama. Anaeli aliendelea kupiga mswaki. Alipiga mswaki juu, akapiga chini, povu likamjaa, akageuka akaingia bafuni kutema. Na hakutoka tena mpaka gari la hospitali lilipopiga honi.

Fidelis hakuvivaa vile viatu. Alikwenda kwenye usaili wa maisha yake na suti na raba za kukimbilia. Lile jani alilikamata kwa gazeti, akalitia kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga. Nilijua amelichukua, sikujua analipeleka wapi.

Mchana lilikuja gari kunichukua. Ofisi ya Dokta Simeoni ilikuwa na zulia jekundu na saa ya ukutani yenye picha ya kanisa. Alikaa yeye, pembeni yake Matroni, yule Matroni ambaye nilikuwa nimepanga kumwamkia vizuri siku nitakapopelekwa kwake. Fidelis na Anaeli walikaa upande wa pili, wameachiana kiti kimoja katikati. Na juu ya meza, ndani ya ule mfuko wa nailoni, isale.

"Binti, hiki ni nini?" Dokta Simeoni aliuliza.

"Ni isale, mzee."

"Linafanya nini?"

"Mzee, wewe unajua."

"Nimekuuliza wewe."

"Ni la amani. La kuomba msamaha."

Fidelis akaruka. "Msamaha gani unaowekwa kwenye kiatu? Mzee, nimeingia kwenye usaili mikono inatetemeka, swali la kwanza tu nimesahau hata jina la chuo nilichoomba. Huyu amenifunga!"

"Tulia, dokta." Dokta Simeoni akanigeukia. "Nani anaomba msamaha? Wa kosa gani?"

Pale ndipo lilipoingia kichwani, si kabla. Nilimtazama Anaeli, jasho limemtoka juu ya mdomo, nikaona jambo zima kama mtu aliyewashiwa taa. Akisema isale ni lake, amesema ana kosa. Na akisema ana kosa kwa Fidelis, ataulizwa kosa gani, na kosa lilikuwa moja tu: ni yeye aliyepeleka maneno kwamba Fidelis alilala zamu. Si Grace na mabomba yake ya maji. Ni yeye, pengine wiki ile ile ambayo mimi nilisimama mlangoni kwa Simeoni na mkungu wa ndizi kichwani. Na dhamiri ikamla, akakimbilia mila, akanituma mimi. Nilingoja. Niliapa moyoni nitamwachia yeye aseme.

"Mimi huyu dada simwelewi," Anaeli alisema. "Sijamtuma kitu."

Dokta Simeoni alimtazama Anaeli. Hakumtazama kidogo. Wanaume wawili wa mlima mmoja, wazee wao wamezikwa chini ya masale, walitazamana juu ya lile jani, na nakwambia wewe unayesoma, Simeoni alijua. Alijua ni la nini, alijua limetoka kwa nani, na alijua maneno yale ya kulala zamu aliyaletewa na nani, maana masikio yaliyoyasikia yalikuwa yake mwenyewe. Neno moja lake lingetosha. Angesema tu, "Fidelis mwanangu, hili kwetu si uchawi." Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mambo ya kishirikina," alisema, "hatuyataki kwenye nyumba za hospitali." Matroni akaandika kitu, hakuniangalia. Kwa nini sikusema? Nimejiuliza, na jibu silionei haya: nani angemsikia darasa la saba dhidi ya madaktari? Na tena, Mungu anajua, kipande cha moyo wangu kilikuwa bado kinasema, mwache apite, akipita atakukumbuka.

Alipita. Anaeli ndiye aliyepata ruhusa, akaenda kusoma, akawa bingwa, akarudi na gari. Fidelis aliacha kazi akarudi Dar, naye nasikia alipata ubingwa wake kwa njia nyingine, baadaye sana. Grace alitafuta kazi nje ya nchi, akakaa huko miaka. Mimi nilifungasha vitu siku ileile. Nilipata kazi kwa familia moja Sakina, mtoto wao akaugua homa, mama mwenye nyumba akasikia sokoni kwamba mimi ndiye yule dada mchawi wa Njiro aliyemfunga daktari. Walinitoa nje kwa mchi wa kinu, majirani wakaja, kuna aliyeokota jiwe na kuna aliyesema leteni tairi. Aliyeniokoa ni mama muuza mkaa tu, alinisukumia ndani ya stoo yake akakaa mlangoni, mwili wake mkubwa. Kovu liko juu ya sikio langu la kushoto, nalifunika na kilemba. Kwa hiyo mtu akiniambia, Mama Glory, maana ndivyo ninavyoitwa tangu nizae, samehe, mambo ya zamani, namwomba kwanza anisogelee aone.

Fidelis naye simwachi. Alitendewa ubaya, ni kweli, lakini alikuwa na ulimi wa kuuliza na hakuuliza. Angeweza kumwuliza mlinzi yeyote, mama yeyote wa mgonjwa kutoka mlimani, "hili jani ni nini?" Alichagua kuogopa, kwa sababu mtu aliyeshindwa usaili anatafuta wa kumbebesha, na mimi nilikuwa karibu.

Nilikwenda msibani. Sikutaka, lakini Grace alisema atanipitia, na nilitaka kuona nani atakuwepo. Nyumba ya Anaeli iko juu, kahawa na migomba mpaka karibu na msitu, na mahema yalijaa mpaka barabarani. Niliamua kukaa na akina mama wanaomenya ndizi, hapo mtu anaona wote na haonwi. Dokta Simeoni alikuwa mstari wa mbele, amezeeka, fimbo katikati ya magoti, kitabu cha nyimbo mapajani. Fidelis alipewa kipaza sauti. Amenenepa, kichwa kimeng'aa. "Marehemu alikuwa ndugu yangu," alisema. "Tuliishi Njiro nyumba moja, tukala sufuria moja." Mayai yale yote, sikumsikia akiyataja.

Kabla jeneza halijapelekwa kaburini nikaitwa ndani. Mjane wa Anaeli alikuwa amekaa kwenye godoro, wanawake wamemzunguka. Sikuwahi kumwona maishani. Alitoa mkono chini ya kanga, na mkononi mwake kulikuwa na isale, limefungwa fundo.

"Mama Glory," alisema, "Baba Elisante aliniachia neno. Alisema nikiondoka, mtafuteni Eliapenda, yule Penda wa Njiro, mpeni hili kwa mkono, asikatae."

Nililitazama. Jani lilikuwa bichi, limekatwa asubuhi ile, utomvu haujakauka. Nikajiuliza kama kweli ni yeye aliyesema, au ni wazee wa ukoo walioogopa kumfukia na neno langu. Simu ya Grace nayo nikaielewa: alitumwa kunitafuta.

"Alikwambia ni la kosa gani?"

Mjane alitazama chini. "Hakusema. Alisema wewe unajua."

"Hata leo hasemi," nikasema. Wanawake wakaguna. Mmoja akanong'ona kwamba isale halikataliwi, na mimi sikulikataa. Nililipokea kwa mikono miwili, mjane akashusha pumzi. Halafu nikatoka nalo nje.

Nilipita katikati ya mahema, na gauni langu lenye maganda ya ndizi, mbele ya mchungaji, mbele ya kwaya iliyokuwa imesimama tayari. Fidelis aliponiona ninakuja na kile nilichoshika, alisimama, na mguu wake mmoja ukarudi nyuma. Baada ya miaka yote ile, mguu bado ulikumbuka.

"Dokta Fidelis," nikasema, na sikupunguza sauti, "mara ya kwanza nilikosea, nililiweka chini. Leo nakupa mkononi. Linatoka kwa Anaeli. Ni yeye aliyekwenda kusema umelala zamu, na alikuwa anaomba yaishe."

Fidelis alilitazama jani, akanitazama mimi, akatazama jeneza.

"Dada Penda," alisema. "Ndilo lile?"

"Ndilo lile."

Alinyoosha mikono. Alilipokea, hakujua alishike upande gani, akalishika hivyo hivyo, machozi yakamtoka akiwa ametoa macho tu, kama mtu aliyepigwa na upepo. Hakuniomba radhi. Sikumngojea. Mimi nilikuwa namtazama Dokta Simeoni, kiti cha tatu kutoka pale. Alikuwa ameliona jani. Alikuwa amesikia kila neno. Akainamisha kichwa, akafungua kitabu chake cha nyimbo, akaanza kufunua kurasa moja baada ya nyingine, anatafuta, anatafuta, na miwani yake iko mfukoni.

Nikarudi kwa akina mama, nikachukua kisu changu. Yule aliyekaa karibu nami akaniegemea. "Mama Glory, umefanya nini kule?"

"Nilitumwa," nikamwambia, nikavuta mkungu. "Nimefikisha."